Sekunde Zimepanda, Grini Imekuwa Nyepesi: Kisa cha Timu ya Watatu Kwenye Bolingi ya Nyasi

Kisa hiki ni cha timu ya watatu iliyoshinda mechi ya asubuhi bila jasho, ikala chakula cha mchana, ikarudi kwenye grini (uwanja wa nyasi wa mchezo huu) ileile na kuzidiwa katika awamu, yaani raundi, sita za mwanzo kabla ya kutambua kwamba grini haikuwa ileile tena. Majina, klabu na tarehe vimeondolewa. Alama na vipimo vya muda ni vile vilivyokuwa kwenye kadi ya mechi.

Usuli

Klabu iko Uganda ya kati, mwendo mfupi kutoka Ziwa Victoria. Wanachama wamekusanyika kutoka Arua hadi Mbale, ndiyo maana pale nyasini Kiswahili hutangulia. Grini ni mraba wa mita 36, nyasi ni bermuda iliyokatwa milimita 5, na imegawanywa njia sita zenye upana wa mita 5 kila moja. Upande wa mashariki kuna mifenesi mikubwa, na njia mbili za pembeni hukaa kivulini hadi saa nne.

Wachezaji ni hawa. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu mwenye misimu miwili ya kucheza. Wa pili, mzee wa zaidi ya miaka sitini, ana goti la kushoto lisilokunjika vizuri. Nahodha ni mwanajeshi mstaafu, na hata wasiowahi kuvaa sare humwita Afande. Kila mmoja alikuwa na matufe 3, na mechi ilikuwa ya awamu 15, yaani mara 15 za kurusha matufe yote kuelekea upande mmoja.

Jambo moja kuhusu timu hii lilikuwa na uzito kuliko walivyodhani: mazoezi yao yote yalikuwa Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu, kabla jua halijawa kali. Kwa miaka miwili mikono yao ilikuwa imefundishwa na nyasi zenye umande.

Kwa msomaji mgeni: tufe la mchezo huu, ambalo halizidi kilo 1.59, halikuchongwa kuwa duara kamili. Upande mmoja una mwegemeo, na alama ya duara dogo ndiyo inayouonyesha. Kadiri mwendo unavyopungua ndivyo tufe linavyopinda zaidi kuelekea upande huo, kwa hiyo hakuna anayelenga moja kwa moja jeki, ile mpira mdogo ambayo tufe lililo karibu nayo zaidi hupata alama. Unalenga pembeni, ukiacha mwegemeo ukurudishie tufe ndani. Mchezaji wa mkono wa kulia akilitoa tufe kulia likarudi kushoto, amecheza upande wa kiganja. Akilitoa kushoto likarudi kulia, amecheza upande wa mgongo wa mkono.

Asubuhi: umande kama mwalimu

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, kama kawaida ya Aprili. Saa tatu grini ilikuwa bado na maji. Walipima muda kwenye awamu ya majaribio: jeki mita 27 kutoka mstari wa mkeka anaosimamia mrushaji, saa ya simu ikaanza tufe lilipoachiwa na kusimamishwa lilipotulia karibu na jeki. Sekunde 10.

Hapo walikuwa nyumbani. Wa kwanza alishika tufe usawa wa kifua, akarudisha mkono nyuma hadi mwisho wake, akapiga hatua ndefu na kulisukuma tufe kwa mwili mzima. Walilenga kama mita 1.5 kutoka kigingi cha kati, kinachoonyesha katikati ya njia, kwenye ukingo wa mbele. Wakashinda 17–9.

Kuna kitu kilichowasaidia ambacho hakuna aliyekitaja siku ile. Kwenye umande kila tufe huacha mstari. Ukiinama nyuma ya mkeka unaona wazi lilipita wapi, lilianza kupinda wapi, na lilikufa wapi. Mistari ya matufe matatu ya kwanza inakuchorea ramani ya njia nzima. Wa pili alikuwa akiisoma kila mara kabla ya kurusha, akisogeza mguu sentimita chache kulia au kushoto kulingana na mstari wa mwenzake. Hakuhitaji kukumbuka chochote, maana nyasi zilimkumbukia.

Mapumziko

Mechi ya pili ilipangwa saa nane. Kati ya mechi hizo mbili mambo matatu yalitokea, yote mbele ya macho yao. Jua lilipiga kwa karibu saa nne mfululizo. Mtunza grini alipitisha rola mara moja kila upande wakati wao wako kwenye benchi wakila matoke na mchuzi wa karanga. Upepo wa ziwani nao, ambao mchana huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, ulianza kupiga grini kwa ubavu. Rola peke yake inatosha kumfanya mchezaji mzoefu aache sahani na kwenda kugusa nyasi. Hawa waliitazama ikipita, wakaendelea kula.

Alasiri: awamu ya 1 hadi ya 6

Kwenye majaribio mzee alipima tena, na akapima sawasawa: jeki mita 27, matufe manne, mawili kila upande, wastani sekunde 12.5. Kosa lilikuwa kwenye tafsiri.

“Afande, imekuwa nzito. Sekunde zimepanda.”

“Basi ongeza mkono, binti.”

Binti akaongeza. Tufe la kwanza likapitiliza na kuingia kwenye mtaro unaozunguka grini, la pili likafuata. Walisema ni wasiwasi wa mechi.

Hili ndilo kosa linalokaa katikati ya kisa chote, na wanaolifanya ni wengi, kwa sababu akili ya kawaida inasema kitu kinachochukua muda mrefu kina uzito. Kwenye bolingi ya nyasi ni kinyume. Grini nyepesi haililazimishi tufe kuanza na kasi kubwa ili lifike, kwa hiyo linaondoka taratibu na kutembea muda mrefu kabla ya kusimama. Grini nzito inadai tufe lirushwe kwa nguvu, nalo hufika upesi na kufa upesi. Sekunde nyingi maana yake ni grini nyepesi. Grini nyingi za nje za Uingereza huwa karibu na sekunde 10 hadi 12. Za Australia na Nyuzilandi hupita 14, na baadhi hufika 18.

Tofauti ya sekunde 2.5 inasikika ndogo. Hesabu yake si ndogo. Ukichukulia kwamba tufe linapoteza mwendo kwa kiwango kimoja njia nzima (si kweli kabisa, lakini inatosha kwa kazi yetu), kasi ya kuanzia ni mara mbili ya umbali ukigawanya kwa sekunde. Asubuhi kufika mita 27 kulihitaji mita 5.4 kwa sekunde. Alasiri kulihitaji 4.3. Tufe lililorushwa kwa mkono wa asubuhi kwenye grini ya alasiri lingekwenda zaidi ya mita 42, yaani mita 15 kupita jeki, na grini yenyewe ina mita 36. Hapo si suala la wasiwasi tena.

Kufikia awamu ya 2 waliona wenyewe kwamba nguvu zimezidi, wakaanza kupunguza. Namna waliyopunguza ndiyo ikaleta tatizo la pili. Binti aliendelea kushika tufe usawa wa kifua na kurudisha mkono nyuma kama kawaida, kisha akaubana mkono njiani ukija mbele. Mkono uliobanwa katikati ya safari hautoi kipimo kimoja mara mbili. Tufe moja lilibaki mita 3 kabla ya jeki, lililofuata likapita mita 2, na yote mawili yaliyumba yalipoachiwa kwa sababu vidole vilikaza.

Mzee alikuwa na shida yake. Hawezi kukunja goti zaidi, kwa hiyo alipojaribu kulegeza mkono aliachia tufe likiwa bado juu ya nyasi. Lilidunda. Kwenye grini nzito mdundo mdogo humezwa na majani. Kwenye grini kavu iliyopigwa rola, tufe linaloangukia nyasi hupoteza mstari hapohapo na kuacha kishimo ambacho mtunza grini hatakusamehe.

Tatizo la tatu halikuonekana kabisa hadi baadaye. Walipunguza nguvu lakini waliendelea kulenga palepale pa asubuhi, mita 1.5. Tufe linalotembea taratibu kwa muda mrefu hupewa nafasi ndefu zaidi ya kupinda, kwa hiyo kila tufe lenye urefu sahihi lilikata mbele ya jeki na kuishia upande wa pili. Umande ulikuwa umekauka, mistari haikuwepo, na waliona mwisho wa safari tu. Wakahitimisha kwamba “tufe limekosa bahati”.

Kilele cha balaa kilikuwa awamu ya 4. Walikuwa wameshinda awamu ya 3 kwa alama moja, na anayeshinda awamu ndiye huweka mkeka na kurusha jeki awamu inayofuata. Afande akaamuru jeki fupi, karibu na mita 23 ambazo ndizo za chini kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba umbali mfupi ni rahisi kudhibiti. Wakapoteza 2, kisha 4 kwenye awamu ya 5. Waliokoa 2 kwenye awamu ya 6 kwa tufe la mwisho la Afande lililogonga la mpinzani na kulisukuma nje. Kadi ilisomeka 3–11.

Maamuzi baada ya awamu ya 6

Mabadiliko hayakuanza na fikra kubwa. Binti alikuwa nyuma ya jeki akitazama matufe ya wapinzani yanavyokuja, akamwambia Afande kwamba wao wanalenga nje kabisa, karibu na kigingi cha mpaka wa njia, na tufe “linakuja kama linalala njiani.” Afande akamwita mzee, wakarudia hesabu ya sekunde, na mzee akakubali kwamba alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu. Sifa moja ya timu hii: hakuna aliyepoteza muda kumtafuta mwenye kosa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa jeki ndefu. Mkeka uliwekwa mita 2 kutoka mtaro wa nyuma, jeki ikarushwa hadi karibu na alama ya mita 2 kutoka mtaro wa mbele: umbali wa mita 32 hivi. Linasikika kinyume, kumpa umbali mrefu mtu anayezidisha nguvu. Lakini tazama kasi zinazohitajika kwenye grini ya sekunde 12.5: mita 23 zinataka 4.0, mita 27 zinataka 4.3, mita 32 zinataka 4.7. Mkono wao ulizoea 5.4. Kwenye jeki fupi walitakiwa kuacha zaidi ya robo ya nguvu yao. Kwenye ndefu, kama asilimia 13 tu. Jeki ndefu iliwarudisha karibu na mwili wanaoujua.

Wa pili ulihusu namna ya kupunguza. Nguvu ya tufe hutoka sehemu tatu: kimo cha tufe kabla ya kuanza, urefu wa mkono kwenda nyuma, na hatua pamoja na mwili unaofuata. Afande aliagiza wapunguze hivyo vitatu kabla ya kuanza, kisha mkono uachwe uende wenyewe bila breki. Binti alishusha tufe kutoka kifuani hadi usawa wa kitovu na kuchuchumaa kidogo, mkono ukaishia nyuma ya paja badala ya kupanda, hatua ikawa nusu ya ile ya asubuhi. Kasi ya mdundo wa mwili ikabaki ileile.

Kwa mzee kuchuchumaa hakukuwezekana. Walimpa hatua fupi sana, karibu urefu wa kiatu chake, tufe likining’inia kando ya nyonga tangu mwanzo, na mkono wa kushoto ukiegemea juu ya goti zima wakati anainama, ili mgongo ufanye kazi ambayo goti limekataa. Kudunda kwa tufe kulipungua, hakukwisha. (Kuna vifaa vilivyoidhinishwa vya kushikia tufe kwa wasioweza kuinama, klabu haikuwa nacho hata kimoja.)

Wa tatu ulikuwa mstari. Walihamisha shabaha hadi mita 2 kutoka kigingi cha kati, na awamu mbili baadaye hadi 2.2. Mstari huo haukubadilishwa jeki iliposogea mbele au nyuma, na walifanya vyema: kwenye grini ya wepesi mmoja, pembe ya kulenga hubaki karibu ileile kwa umbali wowote. Kinachobadilika ni nguvu.

La upepo lilikuwa la Afande peke yake na ndilo lililomtofautisha. Upepo ulikuwa ukikata njia kutoka kushoto wanapocheza kuelekea jengo la klabu. Ukitoa tufe kushoto, mwegemeo unalirudisha kulia na upepo unalisukuma kulia hukohuko, likapinda kupita kiasi. Ukilitoa kulia, mwegemeo na upepo vinashindana, na kupinda kunapungua. Akaamua wote wacheze upande huo wa kulia, wa kiganja; na wakigeuka kurudi, upande wa mgongo wa mkono. Ukichora karatasini utaona ni ukanda uleule wa nyasi, kwenda na kurudi. Kila tufe likawa linawafundisha nyasi zilezile, na kwa njia hiyo wakapata tena kitu kinachofanana na ile mistari ya umande.

Matokeo

Awamu ya 7 walichukua 1, ya 8 wakachukua 3. Wapinzani wakapata 1, kisha timu ikapata 1 na 2, wapinzani 2, timu 1 na 2. Baada ya awamu ya 14 kadi ilikuwa 13–14.

Katikati ya awamu hiyo ya 14 manyunyu yalipita kwa muda mfupi, yale ambayo hata miavuli haifunguliwi. Mkeka ulikuwa mikononi mwao kwa awamu ya mwisho, jeki ikaenda mita 32 kama kawaida. Matufe yote matatu ya binti yalilala zaidi ya mita moja kabla ya jeki, yakiwa yamenyooka vizuri. Ya mzee vilevile. Mchezaji wa kwanza wa wapinzani naye alianza na fupi, lakini tufe lake la pili aliliongeza, likasimama sentimita 40 kutoka jeki. Matufe mafupi ya timu yalikuwa yameziba njia ya Afande, na la mwisho lake likagonga la mzee. Mechi ikaisha 13–15.

Uchambuzi

Kipimo cha muda kilikuwa sahihi asubuhi na alasiri. Kilichokosekana ni mtu wa kukilinganisha na macho. Tufe la kwanza kuingia mtaroni lilikuwa ushahidi tosha kwamba grini haiwezi kuwa nzito, na la pili likathibitisha. Timu iliamini namba dhidi ya tufe. Ikitokea vinapingana, tufe ndilo la kusikilizwa, maana halina tafsiri.

Kubana mkono ndilo kosa la ufundi lililogharimu zaidi, na ni gumu kulitibu kwa sababu mchezaji anahisi anafanya jambo la busara. Dalili zake zinaonekana kutoka nyuma: bega linapanda, tufe linayumba kama gurudumu lililolegea katika mita mbili za kwanza, na umbali unaruka kati ya fupi mno na ndefu mno bila mpangilio. Mchezaji ambaye nguvu zake zimezidi tu, lakini mkono wake uko huru, hupitisha matufe yote kwa kiasi kinachofanana. Huyo ni rahisi kumrekebisha. Nahodha anayejua kutofautisha wawili hawa hatamwambia kila mtu “punguza.”

Jeki fupi ya awamu ya 4 haikuwa uzembe. Kwenye grini nzito ni ushauri mzuri, na Afande alikuwa ameshinda nayo mara nyingi saa moja asubuhi. Aliubeba alasiri bila kuuuliza kama bado unafaa. Mechi haikupotelea pale pekee, ila alama 6 za awamu mbili hizo ndizo zilizofanya mbio za baadaye ziwe za kufukuzia.

Kuhusu awamu ya mwisho, hesabu ile ile ya kasi inaonyesha jinsi manyunyu madogo yanavyotosha. Grini ikishuka kutoka sekunde 12.5 hadi 12.25, robo sekunde tu, tufe la mita 32 hufia kwenye mita 30.7. Ndiyo mita moja na kitu iliyowaangusha. Wa kwanza anapewa matufe matatu ili la kwanza likipata habari, la pili liitumie. Binti alirudia nguvu ileile mara tatu kwa sababu ilikuwa imemlipa awamu nane. Hakuna aliyemwambia chochote kutoka upande wa jeki, na hapo lawama ni ya nahodha kuliko yake: Afande ndiye aliyesimama umbali wa hatua mbili kutoka mahali matufe yalipolala.

Lingeweza kufanyika nini mapema? Kugusa nyasi baada ya rola, kwa kiganja, dakika moja. Kutazama matufe ya timu nyingine zilizoanza kabla ya saa nane kwenye njia za jirani, hasa mahali yanapotoka na si yanapoishia. Na kutumia tufe la kwanza la majaribio kwa nguvu ndogo kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu tufe lililobaki fupi unaliona lote, na lililo mtaroni halikwambii limezidi kwa mita ngapi.

Baada ya hapo timu ilihamisha Jumamosi moja kati ya mbili kwenda saa tisa alasiri. Kila zoezi sasa linaanza na jeki tatu, mita 23, 27 na 32, matufe mawili kila moja, na mzee anaandika sekunde pamoja na umbali wa shabaha kutoka kigingi cha kati. Juu ya kadi, kwa wino mwekundu, ameandika: “Nyingi = nyepesi.”